Homa Moto, Miguu Baridi

Mtoto akichemka usiku, mkono wa mama huenda kwenye paji la uso. Kisha huenda shingoni, kifuani, pengine kwapani. Ni nadra mkono huo kufika kwenye nyayo. Makala haya yanakuomba uufikishe huko. Paji la uso linakuambia kwamba mwili unapigana. Vidole vya miguu vinakuambia kama damu bado inafika mwisho wa safari yake. Mgonjwa mwenye kifua cha moto na miguu baridi kama maji ya mtungini ni wa kukimbizwa hospitali, hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi zilezile alizokuwa nazo kaka yake wiki iliyopita, akapona kwa panadol na uji.

Naitanguliza tahadhari moja ili nisikutishe bure. Homa inapopanda, mtu hutetemeka na mikono yake hupoa kwa muda. Huo ni mwendo wa kawaida wa homa. Baridi ninayoizungumzia ni ile isiyoondoka: mgonjwa ameacha kutetemeka, amefunikwa, chumba kina joto, na bado miguu haipati moto, ngozi imepauka au ina mabakabaka, na mwenyewe amelegea. Hapo tatizo limehama kutoka kwenye homa na kuingia kwenye mishipa ya damu. Na aliyeiharibu mishipa hiyo, mara nyingi, si mdudu peke yake. Ni askari wa mwili wenyewe.

Jipu lililoenea mwili mzima

Tuanze na kitu ambacho kila mtu amewahi kukiona: jipu. Bakteria wanaingia chini ya ngozi kupitia mkwaruzo mdogo. Muda si mrefu pahali pale panapata moto, panavimba, panang'aa, panauma hata nguo ikigusa. Karibu yote hayo yanatoka kwenye mishipa midogo ya damu ya eneo lile. Imetanuka ili damu ije kwa wingi, na ndiyo sababu ya joto. Kuta zake zimeachia mianya ili maji ya damu na chembe nyeupe zitoke na kuingia kwenye nyama, na ndiyo sababu ya uvimbe. Damu ya jirani imeganda kidogo ili mdudu asisafiri. Baada ya siku chache unatoka usaha, ambao kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa vitani.

Mishipa kutanuka, kuvuja, na damu kuganda: kwenye eneo la upana wa sarafu, mambo hayo matatu ndiyo tiba yenyewe. Yakitokea kwa wakati mmoja kwenye mapafu, figo, ini, ubongo na ngozi, mwili unaanza kuzama. Madaktari huiita hali hiyo sepsisi. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa waliieleza upya kuwa ni viungo kushindwa kufanya kazi, kiasi cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili unaukabili uambukizo kwa namna iliyopotoka. Angalia neno lililobeba uzito hapo: mwili. Mdudu anaweza kuwa bakteria wa nimonia, wa taifodi, wa kidonda cha mguu, wa kizazi baada ya kujifungua, au kirusi. Njia ya mwisho inayomwangusha mgonjwa inafanana.

Makadirio ya mwaka 2017 kwa dunia nzima yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11, karibu kifo 1 katika kila vifo 5 vya sababu zote. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa watoto na vijana, na walio wengi kabisa wanaishi katika nchi kama zetu. Hata hivyo kwenye misiba yetu neno sepsisi halisikiki. Tunasikia alikuwa na homa, akaishiwa nguvu, presha ikashuka ghafla.

Ukuta wa unene wa seli moja

Mishipa unayoiona imetuna mkononi ni barabara kuu tu. Kazi yenyewe, ya kushusha oksijeni na chakula, inafanyika kwenye kapilari. Hizo ni vichochoro vyenye upana wa takriban sehemu ya kumi ya unywele, ambamo chembe nyekundu hupita moja moja kwa foleni. Ukuta wa kapilari ni tabaka moja la seli bapa zilizoshikana kingo kwa kingo kama vigae. Upande wa ndani, pale damu inapopita, seli hizo zimepakwa utando laini wa sukari na protini. Ukitaka kuufikiria, fikiria ute wa bamia. Utando huu unafanya damu iteleze bila kuganda ukutani, unazuia chembe nyeupe zisinate bila sababu, na unasaidia kuyabakiza maji ndani ya mshipa. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliupuuza, kwa kuwa huharibika wakati sampuli inapoandaliwa kwa ajili ya hadubini.

Sasa waje askari. Walio wengi zaidi huitwa nutrofili. Kwa mtu mzima mwenye afya ndio nusu au zaidi ya chembe nyeupe zote za damu, na uboho wa mifupa hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, kwa sababu maisha yao ni mafupi. Mwanasayansi aliyetufungua macho kuhusu chembe za namna hii ni Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina, Italia, aliwachoma kwa miiba vichanga vya kiti cha pweza, viumbe wanaopitisha mwanga kama kioo, na kesho yake akakuta chembe zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Ulinzi unaotuweka hai tuliujua kwanza kwa kiumbe ambaye watoto wa pwani humwokota maji yakipwa.

Nutrofili hawatangitangi tu. Seli za ukuta zikipata habari ya mdudu, hutoa vishikizo upande wa damu. Nutrofili anayepita anapunguza mwendo, anabiringika juu ya vishikizo, ananata, kisha anajipenyeza katikati ya seli mbili na kuingia kwenye nyama. Kwenye jipu safari hiyo huishia pale penye mdudu. Kwenye sepsisi taarifa za hatari zimejaa damu nzima. Zinapelekwa na kemikali ziitwazo saitokini, na kuta za mishipa ya mwili mzima zinatoa vishikizo kwa pamoja. Askari wananata kila mahali, hata mahali pasipo na mdudu hata mmoja, na wakiwa wamenata wanafyatua silaha.

Silaha zao ni kali. Wanavyo vimeng'enya vinavyoyeyusha protini, viwe vya bakteria au vya gundi inayoshikilia seli za ukuta. Wanatengeneza kemikali za kuunguza, mojawapo ikiwa ndugu wa karibu wa dawa iliyomo kwenye Jik unayofulia mashuka meupe. Na wana silaha ya tatu iliyogunduliwa Berlin mwaka 2004: nutrofili anaweza kujipasua na kutupa nje nyuzi za DNA yake mwenyewe, zikiwa zimepakwa sumu. Nyuzi hizo ni wavu. Bakteria hunaswa humo na kuuawa.

Mvuvi yeyote anajua kwamba wavu uliopotea baharini hauachi kuvua. Unaendelea kunasa samaki, kasa, chochote kipitacho, mpaka uoze. Nyavu za nutrofili zikizidi ndani ya mishipa hufanya vivyo hivyo. Zinanasa chembe sahani, zile za kugandisha damu, na chembe nyekundu pia, na bonge la damu linaanza kujengeka kwenye kichochoro. Protini ziitwazo histoni, ambazo kazi yake ya kawaida ni kukunja DNA, zikiwa nje zinaua seli za ukuta moja kwa moja. Hilo lilionyeshwa kwa wanyama na seli za maabara mwaka 2009. Ule utando wa ute unavuliwa vipande vipande na vipande vyake vinaonekana kwenye damu ya mgonjwa.

Kuanzia hapo dalili zinafuata zenyewe. Mishipa iliyotanuka na kuvuja haiwezi kushika presha. Moyo unakimbia ili kufidia. Maji yaliyovuja kwenye mapafu yanazuia oksijeni kupita, na mgonjwa anahema haraka kama aliyepanda mlima. Nutrofili walioamshwa wanakuwa wagumu, hawakunjiki tena kupita kwenye kapilari za mapafu, wanaziba. Figo zikikosa damu, mkojo unapungua na kuwa wa rangi ya chai. Ubongo ukikosa damu, mtu anaongea maneno yasiyounganika au analala usingizi usio wa kawaida. Na jambo linalowachanganya ndugu kuliko yote: mgonjwa yuleyule ambaye damu yake inaganda ndani anaanza kutoka damu puani, kwenye fizi, kwenye tundu la sindano. Chembe sahani na protini za kugandisha zimetumika zote kwenye mabonge madogo yasiyo na faida, hakuna zilizobaki za kuziba jeraha halisi.

Upele wa damu iliyovilia chini ya ngozi ni alama ya hayo yote, hasa kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo aina ya meningokoka. Vitabu vingi vinauonyesha kwenye ngozi nyeupe. Kwa ngozi zetu, utafute kwenye viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na juu kwenye kaakaa. Bonyeza upele kwa bilauri ya kioo: ukiendelea kuonekana chini ya kioo bila kufifia, usisubiri asubuhi.

Kidingapopo, homa inayodanganya ikishuka

Mwaka 1872 daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za homa iliyokuwa imeikumba pwani, na akaitaja kwa jina la wenyeji: kidinga pepo. Wengi wa waliochunguza maandishi yake wanaona huenda ile ilikuwa chikungunya, kwa jinsi ilivyokamata viungo. Lakini jina hilo linadhaniwa kuwa ndilo chimbuko la neno dengue linalotumika duniani kote, na leo kwa Kiswahili tunaiita dengi au kidingapopo. Mombasa ilipata mlipuko mwaka 2013, na Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Nautaja ugonjwa huu kwa urefu kwa sababu unaonyesha kuvuja kwa mishipa waziwazi kuliko karibu ugonjwa wowote, na kwa sababu kosa la nyumbani ni rahisi kutokea.

Virusi vya dengi viko vya aina 4. Ukiugua aina moja unapata kinga ya kudumu dhidi yake, lakini si dhidi ya zile 3 nyingine. Ukiambukizwa aina ya pili baadaye, kingamwili za mara ya kwanza zinaweza kuwashika virusi wapya bila kuwaua, na kwa kuwashika zikawaingiza ndani ya chembe nyeupe ambamo wanazaliana. Ndiyo maana aliyewahi kuugua ana sababu zaidi ya kujihadhari. Chembe za kinga zilizoamshwa zinamwaga saitokini nyingi. Virusi navyo vinatoa protini inayokwangua ute wa ndani ya mshipa. Askari na adui wanausukuma ukuta mmoja kutoka pande mbili. Maji ya damu yanatoka, yanakwenda tumboni na kwenye nafasi inayozunguka mapafu, na damu inayobaki ndani inakuwa nzito.

Sasa sikiliza wakati wenyewe. Kuvuja huko kwa kawaida huanza kati ya siku ya 3 na ya 7, pale homa inaposhuka. Nyumba nzima inashukuru Mungu, mgonjwa anaambiwa aoge avae vizuri, na ndani ya saa hizohizo mishipa inaachia. Hatari hiyo hudumu saa 24 hadi 48, kisha ukuta hujirekebisha wenyewe, kwa kuwa kwenye dengi mara nyingi seli zimelegea tu, hazijafa. Mgonjwa akivushwa saa hizo kwa uangalizi mzuri, hupona. Kwa hiyo andika siku homa ilipoanza. Homa ikishuka, mwangalie zaidi, usimwangalie kidogo. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au pua, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida, kizunguzungu akisimama, mikono na miguu kupoa: moja tu kati ya hayo latosha kumrudisha hospitali, hata kama aliruhusiwa jana. Akifika, watapima damu kuona kama imekuwa nzito na kama chembe sahani zimeshuka kwa pamoja.

Mpaka dengi itakapokuwa imekanushwa, maumivu yatulizwe kwa parasetamoli peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa bila kuzidisha, maana ini nalo huwa limeguswa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziachwe. Dawa hizo zinadhoofisha chembe sahani na kuchubua tumbo, wakati ambapo mwili hauwezi kumudu tone la damu kupotea. Diklofenaki huuzwa kwetu kama karanga. Mwulize muuzaji jina la dawa kabla hujampa hela.

Kuhusu dripu

Hakuna ombi ambalo wahudumu wa afya hulisikia mara nyingi kama hili: "Dokta, mtundikie hata chupa moja." Tumezoea kuamini kwamba mgonjwa aliyelala bila dripu hajatibiwa. Ukichukulia kwamba mishipa imetanuka na presha imeshuka, kuongeza maji kunaonekana ni jambo la akili. Madaktari nao waliamini hivyo kwa miongo mingi.

Kisha ukaja utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland na kufanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwa miongoni mwake. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwisho wa mwili waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka, ya chumvi au ya albumini. Wengine walipewa tiba zote nyingine na maji ya polepole ya kuwakidhi tu. Mwaka 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Katika saa 48 za mwanzo walifariki asilimia 10.6 na 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Walipochunguza namna walivyofariki, sababu kubwa haikuwa mapafu kujaa maji kama wengi walivyotarajia. Ilikuwa moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Huko Lusaka, Zambia, utafiti wa watu wazima uliochapishwa mwaka 2017, wengi wao wakiwa wanaishi na VVU, ulipata sura ileile: waliopewa tiba ya maji mengi ya mapema pamoja na dawa za kupandisha presha walifariki asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida asilimia 33.

Nayaona matokeo haya kuwa kati ya zawadi kubwa ambazo wodi za Afrika zimeipa tiba ya dunia, na yalilipiwa na watoto wetu. Yasipotee bure. Mshipa unaovuja haujazwi kama ndoo.

Lakini usiyageuze yakawa sheria ya kukataa maji. Watoto wenye kuhara sana hawakuwa kwenye FEAST, na mtoto aliyekaushwa na kuhara au kipindupindu huokolewa na maji hayohayo. Aliyeungua moto, mama anayetoka damu baada ya kujifungua, mgonjwa wa dengi ambaye damu yake imekuwa nzito: hao nao wanahitaji maji, na kwenye dengi yanataka kupimwa saa kwa saa, kwa kuwa maji yaliyovuja yatarudi kwenye mishipa na ya ziada yatamzamisha mgonjwa. Swali la kumwuliza daktari si "kwa nini hamjamtundikia?" Muulize: anahitaji maji kwa sababu gani, na nani atampima presha na kupumua kila baada ya muda? Na dripu ya kutundikiwa nyumbani au nyuma ya duka la dawa, na mtu ambaye baada ya hapo anaondoka, usiikubali kabisa.

Kwa nini tusiwatulize askari?

Msomaji makini atauliza: kama askari ndio wanaobomoa, si tuwanyamazishe? Watafiti waliuliza hivyohivyo. Katika miaka ya 1990 zilijaribiwa dawa za kuzuia saitokini moja kubwa, TNF, na matumaini yakaishia hewani. Dawa iitwayo Xigris, iliyolenga kugandisha na kuvimba kwa pamoja, iliruhusiwa mwaka 2001 na kuondolewa sokoni mwaka 2011, baada ya jaribio kubwa kuonyesha haiokoi maisha. Ugumu ni kwamba mgonjwa wa sepsisi hayuko katika hali moja. Sehemu moja ya kinga yake imewaka moto huku nyingine imechoka na kulala, na mdudu bado yumo ndani. Ukiwanyang'anya askari silaha saa isiyofaa, umemfungulia adui mlango.

Deksamethasoni inafundisha hilo vizuri. Ulaya, mwaka 2002, ilionekana kupunguza vifo vya watu wazima wenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Blantyre, Malawi, ilipojaribiwa, haikusaidia watoto wala watu wazima. Kwenye korona, mwaka 2020, jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na inasaidia kiasi waliokuwa kwenye oksijeni. Kwa waliopumua wenyewe bila oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Dawa ileile, kwa mgonjwa mwingine, siku nyingine, inageuka. Kwa hiyo vidonge vya deksamethasoni au prednisoloni havifai kununuliwa dukani kwa ajili ya homa, na wala hakuna chai, mzizi wala kidonge cha "kuongeza kinga" kitakachomsaidia mtu ambaye kinga yake tayari imezidi mahali na kupungua pengine. Kinachookoa bado ni mambo ya kale na ya wazi: kumuua mdudu mapema kwa dawa sahihi, kumpa oksijeni, kufungua usaha ulikojificha, na kumwangalia bila kuchoka.

Kazi yako kabla ya hospitali

Kazi yako wewe si kutambua ugonjwa. Ni kugundua kwamba mishipa imeanza kushindwa, na kugundua mapema. Bonyeza ukucha wa kidole cha mgonjwa kwa sekunde 5, mkono ukiwa usawa wa moyo, kisha achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, hiyo ni hatari. Jaribu kwanza kwenye kidole chako ili ujue kawaida inavyokuwa.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi asiyefikisha mwaka, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nyingi mno. Kwa mtu mzima aliyelala kitandani, 22 na kuendelea zitie shaka. Jua alikojoa saa ngapi mara ya mwisho. Kwa mtoto mdogo, jua nepi ya mwisho ilikuwa mbichi lini. Mwulize mtu mzima leo ni siku gani. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, aliyepata degedege au asiyeamka vizuri hana haja ya kipimo kingine cha nyumbani.

Usingoje homa ndipo uamini. Mtoto mchanga mwenye sepsisi anaweza kuwa baridi kuliko kawaida na dalili yake ya kwanza ikawa kuacha kunyonya. Mzee anaweza kuanza kuchanganyikiwa tu, akadhaniwa ni uzee. Mama aliyejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, akipata homa, maumivu ya tumbo la chini au uchafu wenye harufu, asiambiwe ni maziwa yanaingia. Wenye selimundu, kisukari, VVU visivyodhibitiwa au walioondolewa bandama waende mapema kuliko wengine.

Ukiwa njiani, mpe maji kidogo kidogo kama ana fahamu na anameza. Usimpe antibiotiki zilizobaki za mgonjwa wa mwaka jana. Chukua pakiti za dawa zote alizotumia, pamoja na za miti shamba, uende nazo. Ukifika usianze na historia ndefu. Sema homa ilianza lini, imeshuka lini, amekojoa lini, amebadilika nini tangu asubuhi. Kisha tamka neno lenyewe: "Nina hofu ni sepsisi." Mgonjwa ambaye presha imeanguka kwa sababu hiyo anatakiwa kupata antibiotiki ndani ya saa 1. Damu ya kuotesha vijidudu ikichukuliwa kabla ya dozi ya kwanza ni bora zaidi, lakini dawa isicheleweshwe kwa kusubiri majibu. Kipimo cha malaria nacho kifanyike palepale, kwa kuwa kwenye malaria kali vimelea wenyewe huzinatisha chembe nyekundu kwenye kuta za kapilari, na dawa yake, artesuneti, ni nyingine kabisa.

Akipona, msimdai arudi shambani au kazini wiki hiyohiyo. Udhaifu wa misuli, usahaulifu na usingizi wa mang'amung'amu vinaweza kudumu kwa miezi, na homa yoyote mpya katika kipindi hicho ichukuliwe kwa uzito. Na chanjo za watoto zisirukwe: ile ya nimonia, ambayo Kenya iliingiza kwenye ratiba mwaka 2011, humzuia bakteria huyo kuingia kwenye damu kabla askari yeyote hajaamshwa.

Wasomaji wa Tanzania, iandikeni ukutani namba 115 ya M-mama. Hupigwa bure, na husafirisha wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga walio katika hatari.